Kuosha zulia mwenyewe au kumpa fundi: namna ya kuamua na namna ya kufanya

Anayetaka kuosha zulia kwa kawaida huanza kwa kuuliza sabuni ipi itumike. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linatanguliwa na jingine lililo zito zaidi: maji yatakayomwagwa juu ya zulia yatatolewa kwa njia gani, na zulia lenyewe litakauka wapi na kwa muda gani? Kulowesha na kusugua ni kazi inayowezwa na mtu yeyote mwenye ndoo na brashi. Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, wenye nyumba na mafundi wa mtaani pia. Zulia likibaki na unyevu kwa zaidi ya saa 24 hadi 48, ukungu huanza kuota katika nyuzi na katika kitambaa cha chini, uvundo hujikita, na gundi inayoshikilia tabaka zake huanza kulegea. Kwa hiyo uamuzi wa kuosha mwenyewe au kumpa fundi, kwa maoni yangu, unapaswa kuegemea kwanza uwezo wa kukausha, na bei ije baadaye.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Pwani. Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hewa yenyewe hubeba unyevu mwingi mwaka mzima, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata nguo nyepesi huweza kushinda kambani bila kukauka, sembuse zulia la manyoya lililokunywa maji hadi chini. Miezi ya Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na mvua zikiwa zimepungua, pamoja na kiangazi cha Januari na Februari, ndiyo majira yanayofaa. Nairobi hesabu ni nyingine, kwa kuwa Julai huko ni mwezi wa baridi na mawingu, na zulia lililotundikwa uani asubuhi linaweza kuondolewa jioni likiwa bado bichi. Huko Januari na Februari ndiyo afadhali.

Vumbi litoke kabla ya maji

Kuna kazi moja ambayo ni ya mwenye nyumba daima, awe anaosha mwenyewe au anamlipa fundi, nayo ni kuondoa vumbi. Sehemu kubwa ya uchafu ulio ndani ya zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, magamba ya ngozi, nywele na makombo ya chakula. Chembe za mchanga hushuka hadi kwenye mashina ya nyuzi, na kila hatua ya mguu huzisugua nyuzi hizo mpaka zikatike kidogo kidogo, ndiyo maana njia ya kupitia sebuleni huchakaa mapema kuliko sehemu iliyo chini ya makochi. Vumbi hilo hilo ni makazi ya utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo kinyesi chake huchochea pumu na mafua ya mzio, na ambavyo hustawi zaidi penye unyevu. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu ina sababu mbili za kulijali zulia lake: vumbi lisikae, na unyevu usikae.

Mashine ya kufyonzea vumbi ipitishwe polepole, kwanza kwa urefu wa zulia kisha kwa upana wake, angalau mara moja kwa wiki, na mara mbili au zaidi katika nyumba yenye watoto na wageni wengi. Asiye na mashine hajakwama. Alitoe zulia nje, alitundike juu ya ukuta wa uani au nguzo nene, upande wa manyoya ukitazama ndani, kisha alipige upande wa chini kwa fimbo pana mpaka vumbi lipungue. Kupiga upande wa chini kuna maana yake, kwa sababu mchanga husukumwa utoke pale ulipoingilia. Anayepiga afunike pua na mdomo, na mwenye pumu asiwe karibu. Zulia lenye mpira au sponji chini lipigwe taratibu na lisikunjwe kwa nguvu, maana mpira uliozeeka hupasuka.

Vumbi likishalowa huwa tope, na tope lililoingia kwenye mashina ya nyuzi huhitaji maji mengi mno kulitoa. Kwa hiyo fundi anayelifikia zulia na kulimwagia maji papo hapo, bila kulipiga wala kulifyonza vumbi, ameshakuonyesha kiwango cha ujuzi wake kabla hata hajafungua chupa ya sabuni.

Lijue zulia lako limetengenezwa kwa nini

Lebo iliyoshonwa upande wa chini, ikiwa bado ipo, hutaja aina ya uzi na namna ya kuosha. Ikiwa imepotea, kuna kipimo cha moto ambacho mafundi wazoefu hukitumia. Chomoa uzi mmoja au miwili kutoka kwenye pindo, ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na zulia lenyewe na mbali na watoto, kisha uuwashe. Sufu huungua kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu jeusi linalopondeka kati ya vidole. Pamba, juti, mkonge na viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na mbao) huwaka haraka, hunuka kama karatasi na huacha jivu laini la kijivu. Nyuzi za plastiki, yaani polipropilini, poliesta na nailoni, hujikunja na kuyeyuka, kisha huacha tone gumu lisilopondeka.

Matokeo ya kipimo hicho yana uzito mkubwa katika uamuzi. Mazulia mengi ya kiwandani ya bei nafuu, yakiwemo mengi yanayotoka Uturuki, yamefumwa kwa polipropilini. Uzi huu karibu haunywi maji kabisa, na mara nyingi rangi yake huchanganywa ndani ya plastiki kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo haichuji kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba hushika mafuta kwa nguvu na huyeyuka kwa joto, hivyo pasi na makaa ni adui zake. Zulia la namna hii ndilo linalomfaa zaidi mtu anayeosha mwenyewe.

Sufu inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ina uwezo wa kufyonza unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake huku mkono ukihisi kwamba ni kavu, jambo linalowadanganya wengi wanaoliondoa zulia kambani mapema. Maji ya moto pamoja na kusugua kwa nguvu huzifanya nyuzi zake zijisokote na kusinyaa, na hali hiyo hairekebishiki. Sufu ni protini, hivyo jiki huiharibu hadi kuiyeyusha, na magadi au sabuni zenye alkali kali huidhoofisha na kuigeuza rangi. Viskosi, ambayo hung'aa na mara nyingine huuzwa kana kwamba ni hariri, hupoteza nguvu inapolowa na hugeuka manjano inapokauka. Zulia la viskosi lisioshwe nyumbani kwa namna yoyote. Mkonge na juti navyo vina shida yake. Hata maji safi huacha doa la kahawia pembezoni mwa sehemu iliyolowa, kwa hiyo mazulia hayo husafishwa kwa njia kavu tu.

Hatua ya mwisho ya uchunguzi ni rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji yenye sabuni unayokusudia kutumia, kikandamize kwenye kona isiyoonekana kwa dakika mbili au tatu, kisha ukitazame. Pima kila rangi iliyomo kwenye zulia, hasa nyekundu, nyeusi na buluu ya kukoza, kwa sababu rangi moja inaweza kushika vizuri na ya pembeni yake ikachuja. Kitambaa kikipata rangi, zulia hilo ni la fundi.

Lipi la kwako na lipi la fundi

Kwa ujumla, osha mwenyewe zulia la nyuzi za plastiki lisilozidi mita 2 kwa 3, lisilo na sponji iliyobandikwa chini, lenye rangi iliyofaulu kipimo, ukiwa na uwanja au baraza yenye upepo, na ukiwa na mtu wa pili wa kukusaidia kunyanyua. Msaidizi ni wa lazima. Zulia la sufu la ukubwa huo linaweza kuwa na kilo 18 au 20 likiwa kavu, na likilowa uzito unaweza kufika mara mbili yake, jambo linaloumiza migongo na kuvunja kamba. Anayekaa ghorofa ya nne bila lifti wala roshani pana afikirie kwa makini kabla hajafungua bomba.

Mpe fundi zulia la sufu, la hariri au la viskosi, zulia lolote lililofumwa kwa mkono, zulia lililobandikwa ukuta hadi ukuta, na zulia ambalo mkojo wa mtoto au paka umeshashuka hadi chini. Hilo la ukuta hadi ukuta nalitilia mkazo, kwa kuwa halinyanyuliki wala halitundikiki, na maji yakipita yakafika kwenye tabaka la chini hayatatoka bila mashine ya kufyonza. Misumari inayolishikilia pembeni hushika kutu, na kutu hiyo hupanda juu kama madoa ya kahawia. Wakati wa masika, hata zulia rahisi ni afadhali lisubiri au lipelekwe kwa mwenye mashine ya kukamua.

Yapo pia mazulia ambayo hayafai kuoshwa na yeyote. Lile ambalo mpira wake wa chini unapukutika unga ukilikunja, au ambalo ukungu umelipenya hadi upande wa pili, halitapona kwa kuoshwa, na fedha ya fundi ni heri ielekezwe kwenye zulia jipya.

Kuhusu gharama, hesabu ifanywe kwa ukamilifu. Mafundi wengi hutoza kwa eneo, na mazulia madukani hupimwa kwa futi: la futi 5 kwa 8 lina futi za mraba 40, karibu mita za mraba 3.7, na la futi 7 kwa 10 lina futi za mraba 70, yaani mita za mraba 6.5. Uliza kama bei ni ya zulia zima au ya mraba, na kama manyoya marefu yana nyongeza. Upande wa pili wa mizani, kuosha mwenyewe si bure. Zulia la mita 2 kwa 3 linaweza kumaliza madumu 10 hadi 15 ya lita 20 ukihesabu na suuza zake zote, na katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa dumu hiyo ni fedha ya kuonekana. Ongeza sabuni, siki na nusu siku ya watu wawili. Familia mbili au tatu za jirani zikichangia kununua mashine moja inayofyonza vumbi na maji pia, hesabu hubadilika kabisa na kuosha nyumbani hupata faida ya kweli.

Namna ya kuosha nyumbani

Chagua asubuhi ya jua inayofuata siku kadhaa zisizo na mvua, na uanze mapema, kufikia saa mbili, ili upate mchana mzima wa kukausha. Sakafu ya saruji au vigae yenye mteremko kidogo ndiyo inayofaa, nayo isafishwe kwanza. Tandaza zulia manyoya yakiwa juu, upande ambao manyoya yamelalia ukielekea kwenye mteremko.

Sabuni ya maji isiyo kali, kama ya kuoshea vyombo, au sabuni maalumu ya mazulia, yatosha: vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ya lita 10. Siipendekezi sabuni ya unga. Huwa na alkali nyingi na viini vya kung'arisha nguo, haimaliziki kusuuzwa kwenye manyoya marefu, na mabaki yake hunata na kuvuta vumbi, kiasi kwamba zulia huchafuka upya ndani ya wiki chache na mwenye nyumba akadhani sabuni ilikuwa kidogo. Tahadhari nyingine ni magadi. Yapo maelekezo mengi ya kunyunyizia soda ya kuokea mikate juu ya zulia ili kuondoa harufu, na soda hiyo haina madhara makubwa. Lakini magadi yanayochimbwa katika maziwa kama Magadi nchini Kenya yana alkali kali zaidi, na kuyaweka kwenye zulia la sufu kwa kudhani ni kitu kilekile ni kuliharibu.

Lowesha kwa dodoki au kwa kunyunyizia, eneo la mita moja ya mraba kwa wakati mmoja, badala ya kumwaga ndoo nzima. Sugua kwa brashi laini kufuata mlalo wa manyoya. Ufagio wa chelewa huyachana. Eneo likishatoa uchafu, suuza kwa maji safi mpaka yatoke bila povu, kisha nenda eneo linalofuata. Suuza ya mwisho ya zulia zima iwe na kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa ndoo ya lita 10, kwa kuwa siki hutuliza alkali iliyobaki ya sabuni na kuyaacha manyoya laini. Harufu yake hutoweka zulia linapokauka. Siki isikutane na jiki kamwe, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu, na jiki isimwagwe juu ya mkojo wala juu ya dawa yoyote yenye amonia, kwa sababu hiyo hiyo ya gesi zinazodhuru mapafu.

Sasa inakuja kazi yenyewe. Chukua kipangusio cha mpira cha kusukumia maji sakafuni, ukikandamize kwa nguvu na ukivute kutoka kichwa cha zulia hadi mwisho wake, kufuata mlalo wa manyoya, tena na tena. Mara ya kwanza yatatoka maji mengi, mara ya tano kidogo, na wengi huishia hapo. Endelea mpaka kipangusio kisukume matone tu. Kisha tandaza mashuka au taulo kavu juu yake, ulikunje kwa mviringo, na umtembeze mtu juu ya mviringo huo, isipokuwa kama zulia lina tabaka la mpira. Kila lita inayotoka hapa ni kilo moja isiyoning'inia kwenye nguzo, na ni saa zilizopunguzwa katika kukauka.

Usilitundike juu ya kamba moja nyembamba, kwani uzito wa maji hukaa wote kwenye mstari mmoja, huacha mkunjo na huweza kupasua kitambaa cha chini. Litandaze juu ya nguzo mbili au tatu, juu ya ukuta uliosafishwa, au juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa ili hewa ipite pande zote. Upepo una kazi kubwa kuliko jua. Jua kali la adhuhuri hupausha rangi na kukausha gundi hadi ipasuke, hivyo upande wa chini ndio uelekezwe kwenye jua, na zulia ligeuzwe kila baada ya saa mbili au tatu. Mvua ikikuwahi, liingize ndani, liinue juu ya viti, na uelekeze feni chini yake na juu yake. Kiyoyozi, kwa mwenye nacho, husaidia sana kwa kuwa hupunguza unyevu wa hewa ya chumba.

Kulipapasa hakutoshi kujua kama limekauka. Jioni, lilaze juu ya karatasi ya nailoni sakafuni mahali pa kona moja, na asubuhi ulinyanyue. Ukikuta ukungu wa matone juu ya nailoni, maji bado yapo ndani na zulia lirudi kwenye upepo.

Madoa, ambayo hayamsubiri fundi

Doa likimwagika, dakika za kwanza zina thamani kuliko dawa yoyote ya baadaye. Kandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu, kutoka pembezoni kwenda katikati, bila kusugua. Damu hutolewa kwa maji baridi tu, maana moto huigandisha ndani ya uzi. Chai na kahawa hulegea kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha siki iliyochanganywa na maji. Mafuta ya chakula yafunikwe kwa unga wa ngano au poda ya watoto, yaachwe usiku mmoja, yafyonzwe au yafagiliwe, ndipo sabuni itumike.

Doa la manjano la biriani lina dawa ambayo wengi hawaijui. Rangi ya binzari huvunjwa na mwanga wa jua, kwa hiyo baada ya kuondoa mafuta, weka sehemu hiyo juani kwa siku kadhaa na utaliona likififia. Hina haina huruma ya namna hiyo. Ikishakauka kwenye sufu imekaa, na anayepakwa hina na akae juu ya mkeka. Nta ya mshumaa igandishwe kwa barafu kisha ikwanguliwe. Cheche ya makaa ya chetezo huyeyusha polipropilini papo hapo na kuacha tundu gumu, ilhali sufu huungua juu tu na ncha nyeusi zinaweza kukatwa kwa mkasi mdogo.

Mkojo wa mtoto ukiwa bado mbichi ufyonzwe kwa kitambaa, usuuzwe kwa maji baridi, kisha maji ya siki. Ukichelewa hugeuka kuwa alkali, hutoa harufu ya amonia na huweza kubadilisha rangi ya uzi moja kwa moja. Sabuni zenye vimeng'enya huondoa harufu hiyo vizuri kwenye nyuzi za plastiki, lakini vimeng'enya vinavyovunja protini huvunja pia sufu na hariri.

Kumchagua fundi

Jina la fundi wa mazulia hubebwa na watu wa kazi tofauti sana. Yupo anayekuja nyumbani na mashine inayonyunyiza maji ya moto yenye sabuni kwa msukumo na kuyafyonza wakati huo huo pamoja na uchafu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, zulia huachwa na unyevu kidogo na hukauka ndani ya saa chache penye upepo. Huyu ndiye anayefaa kwa zulia la ukuta hadi ukuta. Ipo karakana yenye mashine ndefu ya mviringo ambamo zulia lililokunjwa huzungushwa kwa kasi kubwa, na maji mengi hutoka kwa dakika chache tu; kwa zulia zito la sufu, hakuna njia ya nyumbani inayofikia hapo. Na upo uwanja wa kuoshea magari ambako zulia hutandazwa chini, hupigwa kwa bomba la presha, kisha huanikwa kwenye uzio wa barabarani.

Hao wa mwisho ndio wengi zaidi mijini na ndio wa bei nafuu, nami sitasema kwamba hawafai kabisa. Zulia la polipropilini la bei ndogo linaweza kupita mikononi mwao salama, ikiwa bomba linashikwa mbali na zulia na ikiwa wanakamua maji kabla ya kuanika. Presha ikikaribishwa mno hung'oa manyoya na kutenganisha tabaka za chini, sakafu yenye mafuta ya magari huacha madoa, na uzio wa barabarani hulirudishia zulia vumbi lililotolewa. Zulia la sufu lisifikishwe huko.

Kabla ya kukubaliana na fundi yeyote, muulize anatoaje vumbi kabla ya kulowesha, anatumia sabuni gani kwa sufu, anatoaje maji, anakaushia wapi mvua ikinyesha, na nani analipa rangi ikichuja. Swali la mvua ndilo linalofichua mengi. Fundi aliyejiandaa atakuonyesha chumba chenye feni au banda lenye paa. Ambaye hajajiandaa atakuambia mvua haitanyesha. Omba kuona mahali hapo kwa macho yako ikiwezekana, na umwombe apime rangi kwa kitambaa cheupe mbele yako.

Kipindi cha kabla ya Idi na Krismasi kila nyumba hutaka zulia lake liwe safi, na haraka hiyo hukata muda wa kukausha. Peleka lako wiki tatu au nne kabla. Siku ya kulipeleka, lipime urefu na upana, lipige picha pande zote mbili pamoja na pembe na matamvua yake, andika madoa na machakavu yaliyopo, na upate stakabadhi yenye vipimo hivyo. Mazulia ya kiwandani hufanana sana, na picha ndiyo itakayomaliza ubishi kama umerudishiwa la mwingine.

Linaporudi, lifungue mbele ya aliyelileta kabla hujamlipa fedha iliyobaki. Lipime tena, la sufu likipungua kwa kiasi kinachoonekana, huenda liliwekewa maji ya moto. Pangusa kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikitoa povu au kunata, sabuni haikusuuzwa na una haki ya kudai lirudiwe. Weka pua karibu na upande wa chini, maana uvundo huanzia huko hata manyoya yakiwa yananukia manukato. Kandamiza karatasi ya chooni kwenye kona zote na katikati kwa uzito wa mwili. Ikilowa, lirudishe, au kama huna budi kulipokea, litandaze juu ya viti penye feni usiku kucha badala ya kulilaza sakafuni.

Makochi na meza vikirejeshwa juu yake, weka vipande vya nailoni chini ya miguu yake kwa siku moja au mbili za kwanza, kwa sababu unyevu mdogo uliobaki unatosha kuvuta kutu ya chuma na rangi ya mbao hadi kwenye manyoya.